Ugonjwa Tunaoujua: Protini, Vita na Sahani ya Mtoto



Mwishoni mwa mwaka 2024 dunia nzima ilizungumza juu ya Panzi. Haikuwa Panzi yetu ya Bukavu, yenye hospitali inayojulikana kote. Ilikuwa Panzi ya jimbo la Kwango, kusini-magharibi mwa nchi yetu, mahali ambapo gari likitoka Kinshasa hufika kwa taabu sana. Watu, hasa watoto wadogo, waliugua homa, kikohozi na maumivu ya kichwa, wakaishiwa nguvu. Kati ya tarehe 24 mwezi wa 10 na tarehe 5 mwezi wa 12, Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa 406 na vifo 31. Redio zilisema "ugonjwa usiojulikana". Kwenye simu zetu zilizunguka sauti za kila namna: huyu anasema ni sumu, yule anasema ni korona mpya, mwingine anasema ni ishara ya siku za mwisho.

Kisha vipimo vikafanyika na jibu likatoka. Hapakuwa na ugonjwa mpya. Palikuwa na magonjwa ya kawaida ya njia ya kupumua, palikuwa na malaria, na yote mawili yaliwakuta watoto waliokuwa na utapiamlo mkali. Jibu hilo lilipotoka, waandishi wa habari walifunga mizigo yao na Panzi ikasahauliwa.

Sisi tunaona kwamba habari yenyewe ilipaswa kuanzia hapo. Kikohozi na malaria vinampata karibu kila mtoto wa Kongo, na wengi wanapona. Kwa nini kule viliua? Jibu liko kwenye sahani, na kwa sehemu kubwa liko katika kitu kimoja kinachokosekana kwenye sahani hiyo: protini. Tunataka kulieleza jambo hili kwa utulivu, kwa sababu kanisa lina sehemu yake katika tatizo, na linaweza kuwa na sehemu yake katika dawa.

Mwili hauna ghala

Protini ni nini? Tukimtazama mtu kama nyumba, bugali na mafuta ni kuni za jikoni: vinatoa joto na nguvu. Protini ni matofali, na pia ni mafundi. Misuli, ngozi na nywele vimejengwa kwa protini. Kile kinachobeba hewa ndani ya damu ni protini. Insulini inayoongoza sukari mwilini ni protini. Vimeng'enya vinavyosaga chakula tumboni ni protini. Na askari wanaopigana na vijidudu vya magonjwa, wale ambao waganga wanawaita kingamwili, nao ni protini.

Kila protini imefungwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Vipo vya namna 20. Mwili wenyewe unaweza kutengeneza baadhi yake, lakini 9 hauwezi kabisa. Ni lazima viingie kwa kinywa. Tena mafuta yakizidi, mwili unayaweka akiba. Protini haina ghala la namna hiyo. Isipoingia kwa chakula, mwili unaanza kubomoa misuli yake wenyewe ili moyo na mapafu viendelee kufanya kazi. Ni kama mtu anayeng'oa milango ya nyumba yake ili apate kuni za kupikia.

Kwa mtu mzima, wataalamu wanahesabu karibu gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50. Mtoto anahitaji zaidi kwa kila kilo yake, kwa sababu yeye bado anajengwa. Sasa tulinganishe. Katika gramu 100 za unga wa muhogo, protini haifikii hata gramu 3. Katika gramu 100 za maharagi makavu, ziko zaidi ya 20. Karanga zinakaribia 25, soja inapita 35, na samaki wadogo waliokaushwa, kama sambaza na ndakala, wanapita 50. Yai moja lina kama gramu 6.

Ndiyo sababu mtoto anaweza kushiba bugali kila siku, tumbo likajaa, na mwili ukawa na njaa. Mama atakuambia kweli kabisa: "Huyu hakulala njaa hata siku moja." Na mtoto anakufa.

Tulichokosa kukiona

Huku Kivu tunaujua ugonjwa huo kwa jina la bwaki. Waganga wanauita kwashiorkor, neno la lugha ya Kiga ya Ghana lililoingizwa katika vitabu vya tiba na daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, kati ya mwaka 1933 na 1935. Wamama wa kule walimweleza kwamba ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Walikuwa wameshaelewa: mtoto akiondolewa kwenye ziwa na kupewa uji mtupu, anadhoofika. Kwetu pia si jambo la leo. Watafiti wa Lwiro walilichunguza tangu zamani, na huko Bukavu, tangu miaka ya 1960, ipo kamati iliyojiita kwa jina la vita hivyo: Anti-Bwaki.

Dalili zake tunaziona kila Jumapili bila kuzitambua. Miguu inavimba, ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Uso unajaa kama wa mtoto mnene. Nywele zinakuwa nyekundu na laini, ngozi inabambuka. Mtoto hachezi, hacheki, na chakula anakikataa.

Hapa tuna jambo la kuungama. Miaka michache iliyopita mama mmoja alituletea mtoto wa namna hiyo tumwombee. Majirani walikuwa wamemwambia kwamba mtoto amelishwa karuho, ile sumu ambayo huku kwetu inasingiziwa karibu kila kifo. Tuliweka mikono, tukafunga, tukaita wanamaombi. Siku tatu zilipita. Siku ya nne muuguzi wa kituo cha afya, ambaye ni mshirika wetu, alipita nje ya kanisa, akaingia, akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba na kusema kwa sauti ya chini: "Pasta, huyu anahitaji maziwa ya hospitali leo, si kesho." Mtoto alilazwa wiki nne, akapona.

Lakini mama huyo alikuwa na mtoto mwingine, kaka yake huyu, tuliyemzika mwaka uliotangulia. Naye alikuwa amevimba miguu. Kwenye maziko yale tulihubiri juu ya siri za Mungu zisizochunguzika. Hakuna aliyeuliza mtoto alikuwa anakula nini. Tangu siku ile tumekuwa waangalifu sana kuita siri ya Mungu jambo ambalo muuguzi anaweza kulitambua kwa kidole gumba.

Tuongeze neno moja la uangalifu. Wataalamu wa leo wanasema bwaki haitokani na upungufu wa protini peke yake; maambukizo, kuhara na ukosefu wa vitamini na madini vinachangia. Tena mtoto aliyefika hali hiyo hatibiwi kwa kumjaza nyama nyumbani. Mwili wake hauwezi kuipokea. Hospitalini anaanzishwa kwa maziwa maalumu yenye protini kidogo sana, na baada ya siku kadhaa anaongezewa. Kwa hiyo mtoto akivimba miguu, dawa ni kituo cha afya. Protini ya nyumbani ni ya kumkinga asifike huko, na ya kumlinda akirudi.

Kwa nini vita vinatuachia muhogo

Wengine watasema: Kongo ni nchi yenye rutuba, njaa inatoka wapi? Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017-2018 ulionyesha kwamba watoto 42 kwa kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025, karibu watu milioni 28 nchini walihesabiwa kuwa katika upungufu mkali wa chakula. Idadi hiyo ni kubwa mno kuitupia uvivu wa watu.

Tuangalie jinsi vita vinavyofanya kazi katika kijiji. Wenye silaha wanapoingia, wanachukua nini? Wanachukua mbuzi, ng'ombe, kuku na magunia ya maharagi. Vitu hivi vinabebeka, vinaliwa au vinauzwa siku ileile. Muhogo unabaki ardhini. Kuung'oa, kuuloweka na kuukausha ni kazi ya siku nyingi, na mtu anayekimbia au kupora hana siku hizo. Mwenyeji naye anajifunza. Akiporwa mbuzi mara mbili, hafugi tena. Akikimbia wakati wa kuvuna maharagi, msimu unaofuata anapanda muhogo, kwa sababu muhogo unaweza kumngojea ardhini mwaka mzima na zaidi. Ni akili njema ya mtu anayetaka kuishi. Lakini matokeo yake ni kwamba miaka thelathini ya vita imeondoa protini kwenye sahani zetu kidogo kidogo, na kuacha wanga. Ng'ombe wa Masisi na wa milima ya juu ya Uvira, Fizi na Mwenga waliokwisha kuporwa walikuwa maziwa ya watoto.

Hata mahali pasipo risasi, umaskini unafanya kazi ileile. Mama ana kuku watatu. Mayai anayauza ili anunue chumvi na sabuni. Kuku anamuuza karo ya shule inapodaiwa. Mvuvi wa Ziwa Kivu anauza sambaza mjini na kurudi nyumbani na unga. Gunia la maharagi likitoka kijijini kwenda sokoni linalipa kwenye kila bariere, kwa askari huyu na kwa yule, mpaka likifika mjini mama wa kawaida hawezi kuligusa. Chakula chenye protini ndicho chenye bei, na chenye bei ndicho kinachotoka kwa maskini kwanza.

Kisha likaja la mwaka 2025. Mwezi wa kwanza Goma iliangukia mikononi mwa M23, na mwezi wa pili Bukavu. Mabenki yalifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Katika mwezi uleule wa kwanza serikali ya Marekani, iliyokuwa inatoa sehemu kubwa zaidi ya fedha za msaada wa dharura kwa Kongo, ilisimamisha msaada wake. Wengi wetu tulielewa maana yake kwenye vituo vya lishe. Ule mfuko mdogo wa gramu 92 ambao wamama wanauita "karanga ya watoto", wenye karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, unabeba kalori 500 na kama gramu 12 za protini. Ukikosekana, muuguzi anabaki na mzani na utepe wa kupimia mkono, na hana cha kutoa.

Tunashukuru kwa kila mfuko uliokuja, na tunaomba iendelee kuja. Lakini tumejifunza kwa uchungu kwamba uhai wa mtoto wa kijijini kwetu ulikuwa umetundikwa kwenye sahihi ya mtu mmoja ng'ambo ya bahari.

Somo la Kwango

Turudi Kwango, kwa sababu jimbo hilo lilikwisha kutupa somo jingine. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa ambao watu wa kule waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, na baada ya muda mfupi miguu yake yote miwili imekakamaa, na haiponi tena. Unawapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Hadi leo upo, hasa eneo la Kahemba.

Chanzo chake ni muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, wenye sumu ya sianidi. Wamama wanajua kuuloweka siku tatu au nne hadi sumu itoke. Njaa ikikaza au soko likiharakisha, siku zinapunguzwa. Lakini angalieni jambo hili: mwili una njia yake ya kuivunja sumu hiyo, na njia hiyo inahitaji asidi amino zenye salfa, zinazopatikana kwa wingi katika samaki, mayai na nyama. Mwenye chakula cha namna nyingi ana kinga. Asiyekula ila muhogo anapokea sumu na hana cha kuipinga. Umaskini wa sahani unampiga mara mbili.

Kwa hiyo Panzi ya mwaka 2024 haikuwa ajabu. Katika jimbo ambalo miguu ya watoto imefungwa kwa kukosa protini tangu zaidi ya miaka 80, malaria na kikohozi vilikuta mlango wazi.

Kuku wa mchungaji

Sasa tuseme neno gumu, na tulielekeze kwetu kwanza. Mchungaji anapotembelea parokia ya kijijini, nini kinatokea? Kuku anachinjwa. Mchungaji anapewa firigisi na paja, mashemasi wanagawana kinachobaki, wanaume wa nyumbani wanapata mchuzi. Watoto wanangoja nje na bugali na sombe. Mama mjamzito, anayejenga mwili wa mtu mwingine ndani yake, anakula mwisho. Tumekula kuku hao miaka mingi na tumewabariki wenye nyumba. Hatukuwahi kuuliza ni nani aliyekosa.

Ukarimu ni mali ya desturi yetu, hatutaki upotee. Lakini Paulo aliwakemea Wakorintho kwa jambo linalofanana na hili: walikusanyika kwa jina la Bwana, wengine wakashiba na wengine wakabaki na njaa, na aliona kwamba kwa kufanya hivyo wanalidharau kanisa la Mungu. Tukiweza kueleza maana ya Meza ya Bwana kwa Kiyunani na hatuoni meza ya mama aliyetupikia, masomo yetu ya theolojia yametusaidia kidogo sana.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache kwa jumuiya zetu, ambayo hayangojei fedha za kutoka nje.

Kwanza, mtoto mgonjwa akiletwa kwa maombi, tubonyeze miguu yake na tuulize amekula nini wiki hii. Shimo likibaki, au utepe wa mkono ukionyesha rangi nyekundu, chini ya sentimita 11.5, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Tuombe tukiwa njiani naye. Na tuache kutaja karuho mimbarani.

Pili, mchungaji akikaribishwa, aombe mwenyewe kwamba watoto na wajawazito wapewe nyama kwanza. Akisema yeye, hakuna mzee atakayebisha.

Tatu, shamba la kanisa lipande maharagi na soja, na mavuno yawe mbegu ya kukopeshwa: familia inachukua kilo tano, baada ya kuvuna inarudisha sita. Soja isiliwe mbichi. Ikaangwe au ichemshwe vizuri, kwa maana ikiwa mbichi inazuia protini yake isisagwe tumboni. Uji wa mtama, soja na mahindi, ule sosoma wetu, unafaa sana, kwa kuwa kinachopungua katika nafaka kinapatikana katika soja na maharagi. Na mahali ambapo mbuzi wanaporwa, simbilisi anafugwa jikoni bila mtu kumwona.

Nne, vikundi vya wamama vifundishane tena kuloweka muhogo siku zote zinazotakiwa, na kuheshimu sombe. Majani yale tunayoyaita chakula cha maskini yana protini kuliko mzizi wake kwa mbali. Yakitwangwa, yakipikwa sana, yakitiwa karanga au konzi ya sambaza, yanamlisha mtoto kweli.

Tano, viongozi wa makanisa wanapokutana na wenye mamlaka, wa upande wowote, wataje bariere kwa jina. Wanapoomba amani, waombe pia kwamba gunia la maharagi lipite bila kutozwa na mbuzi wa mjane asiguswe. Amani ambayo haifiki jikoni, mtoto haitambui.

Tunajua haya hayatamaliza vita. Mwenye shamba linalokaliwa na askari hawezi kupanda soja kwa sababu tumeandika hapa. Lakini kati ya mambo tusiyoyaweza na yale tunayoyaacha tu kwa mazoea, kuna nafasi, na katika nafasi hiyo kuna watoto.

Tumalizie kwa nyumba ya Yairo. Bwana Yesu alimshika binti yule mkono, akamwinua kutoka kwa wafu. Muujiza mkubwa kuliko huo ni upi? Watu wote walishangaa. Yeye peke yake, katikati ya mshangao ule, alikumbuka kwamba mtoto ana njaa, akaagiza apewe chakula. Luka na Marko, wote wawili, waliona jambo hilo linastahili kuandikwa.

Yeye alikwisha kufanya sehemu ambayo hakuna mwingine aliyeiweza. Chakula aliwaachia wenye nyumba. Bwana atupe macho ya kuona miguu iliyovimba, na aibariki sahani ya kila mtoto wa Kongo. Amina.